Mimunt Aliyehesabu Moyo kwa Tasbihi

Siku ya kwanza nilipomwona Mimunt alikuwa amejifunga kitambaa kilicholowa maji, kimefunika pua na mdomo, yakabaki macho tu yakitutazama. Ilikuwa Novemba. Bangi ilikuwa imeshavunwa na kukauka, na katika kila nyumba ya kijiji kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa madirisha, wanaume wameketi ndani wakipiga mabeseni. Unatandaza bangi kavu juu ya kitambaa chembamba kilichokazwa mdomoni mwa beseni, unafunika kwa nailoni, unapiga kwa fimbo mbili mpaka unga wake, ule unaouzwa, uchujuke chini. Ukiisikia milio hiyo kutoka ng'ambo ya bonde utadhani mlima mzima una harusi.

Harusi ya kweli siku ile ilikuwa moja tu, ya kaka yangu Allal. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mgane wa miaka miwili, na mwanamke aliyemposa alikuwa mjane kutoka bonde la pili. Alifika kwa teksi ya Sellam, jirani yetu, ile Mercedes yake iliyozeeka kuliko yeye. Akashuka, akatuamkia kwa kichwa, akapita. Kile kitambaa hakukivua mpaka alipoingia chumba cha ndani na mlango ukafungwa.

Sellam akaniinamia sikioni. "Bwana harusi kauziwa mbuzi kwenye gunia," akasema. "Huenda hana meno."

Dada yetu Yamna, mkubwa wetu sote, hakucheka. Alisema mtu anayeingia kwa watu huku ameziba pua, ama ana ugonjwa anaoficha, ama anatuona sisi tunanuka. Mimi nikaenda kushusha mzigo wake garini. Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu sokoni huomba radhi mimi. Nilisoma mpaka darasa la sita, kisha baba akanitoa nije kupiga beseni, na tangu hapo nimezungumza na mabeseni zaidi kuliko na watu. Sikuoa. Nilikuwa nikilala chumba cha juu ya zizi katika nyumba hiyohiyo ya kaka, kwa hiyo yote ninayoyaeleza niliyaona kwa macho yangu. Kuona nikaona. Kuelewa ndiko kulikonishinda.

Jambo lililomtia Yamna shaka zaidi ya kitambaa ni sharti. Mbele ya waandishi wa ndoa, Mimunt alitaka neno moja liandikwe kwenye hati: mume asivute kiko tena. Hakutaka mahari ya kutisha, hakutaka ng'ombe wala godoro jipya. Alitaka kiko. Na Allal, aliyejulikana mabonde matatu kwa kiko chake, alikubali na kutia saini, kwa sababu majira ya vuli daktari wa mjini alimwambia kwamba mapafu yake yamechakaa na kila moshi anaovuta unakula kilichobaki. Kaka alikuwa akivuta vibakuli vya kiko thelathini au arobaini kwa siku, bangi iliyokatwakatwa na tumbaku nyeusi, nusu kwa nusu. Muadhini wetu alikuwa na utani kwamba kikohozi cha Allal ndiyo adhana ya kwanza, ya kwake ni ya pili.

"Mwanamke anayemnyang'anya mume kiko siku ya kwanza," Yamna akaniambia, "siku ya pili atamnyang'anya shamba."

Siku tatu za mwanzo Allal alikuwa kama mnyama aliyefungwa. Alitoka jasho usiku, alimtupia mkewe mkate, alikwenda mlangoni na kurudi. Siku ya nne Mimunt akaweka sufuria jikoni. Akasaga lozi na tini kavu, akatia asali, samli, mdalasini, na majani laini ya bangi aliyoyakaanga polepole kwenye samli ile. Majuni. Kwetu hakuna asiyeyajua, huliwa harusini na siku za baridi kali, na watu wote, wazee kwa vijana, husema kosa ni la moshi, chakula hakina kosa. Mimunt naye aliamini hivyo. Alimpa kaka kipande kimoja kila siku baada ya sala ya magharibi, kiasi cha zeituni moja, hazidishi. Kifua kipumzike, alisema. Ale, asivute.

Na kifua kikapumzika kweli. Baada ya wiki tatu kikohozi kikapungua, kaka akaanza kupanda mpaka kisimani bila kusimama njiani. Watu wakamsifu Mimunt. Mimi na Yamna tuliendelea kumtazama.

Asubuhi moja kabla jua halijatoka nilishuka kumlisha nyumbu. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi kidogo. Nilimwona Mimunt amepiga magoti kitandani, sikio amelibandika kifuani kwa kaka aliyekuwa amelala, macho kwenye saa ya ukutani, na mkononi tasbihi. Vidole vyake vilikuwa vikizisukuma punje mbio mbio, midomo inachezacheza. Nimesali tangu utoto wangu, sijaona mtu anayemtaja Mungu kwa kasi ile. Kesho yake nikatazama tena, na keshokutwa. Kila alfajiri ni vilevile. Sikio kifuani, tasbihi mbio, kisha anaguna na kwenda kuwasha jiko.

Nilimweleza Yamna, na yeye akafunga safari mpaka bonde la pili kwenda kuuliza. Alirudi uso umemkauka. Mume wa kwanza wa Mimunt aliitwa Bucheta, alikuwa mtu wa nguvu, akaanza kukonda, akakohoa miaka minne, akafia mikononi mwa mkewe. "Na hakuvuta," Yamna akasema. "Hata kiko kimoja maishani mwake, Hmido. Sasa alikufa na nini? Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Na nguo yenyewe imevaa kitambaa puani."

Siku hiyohiyo nilikuta kwenye rafu ya jiko karatasi iliyofungwa kwa uzi, ndani yake mbegu ndogo nyeusi. Milimani kwetu kuna gugu lenye maua meupe kama tarumbeta ambalo mbegu zake zinampa mtu wazimu, na kuna waovu wanaozitia kwenye majuni. Mtu mwingine angeichukua ile karatasi akaiweka mbele ya shemeji yake akamwuliza hizi ni nini. Mimi nilichukua punje chache, nikazifunga kwenye leso na kumpelekea Yamna.

Tukakaa sisi wawili tukashauriana. Kumwambia Allal hatukuweza, alikuwa akimpenda. Kumshtaki hatukuwa na ushahidi. Mpango ulikuwa wa Yamna, lakini mkono ulikuwa wangu, na sitaki kumsukumia mtu lawama. Tulisema: anachotegemea Allal sasa ni majuni ya huyu mwanamke. Akirudishiwa kiko chake, majuni hatayahitaji, na sumu haitakuwa na njia. Moshi tuliujua. Ulikuwa moshi wa nyumbani.

Kile kiko cha zamani Mimunt alikuwa amekitia chini ya sanduku. Nikakiiba. Katikati ya Desemba, tukiwa wawili kwenye chumba cha kupigia, nikamtolea kaka. Alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto aliyepotea. Nikamwambia kwa shida kwamba nacho nitakaa mimi, atavuta humuhumu tu, na majuni anayopewa asiyale, ayafiche mkononi akayatupe. Sikumwambia sababu. Yeye akasema sawa, atayatupa, na hakuniuliza. Mtu aliyekatazwa kitu hajali kinatoka wapi.

Harufu? Nyumba nzima ilikuwa ikinuka bangi msimu ule, mpaka mkate. Na mlangoni kulikuwa na beseni la maji, kaka alikuwa akisukutua kabla hajatoka.

Sikujua kwamba hakutupa hata kipande kimoja. Alikuwa akivuta kwangu mchana na kula kwa mkewe jioni, na siku nyingine akivilimbikiza vipande vya jioni mfukoni ili siku moja ale viwili.

Ilitokea siku ya theluji, baada ya sala ya adhuhuri. Tulikuwa tukipiga beseni la tatu. Vumbi lilikuwa limejaa chumbani kama ukungu, kwa sababu dirisha hatukulifungua kamwe. Upepo ukiingia unga unapeperuka, na kuna macho na masikio njiani. Kaka alikuwa ameshavuta vibakuli sita. Nilimwona anachomoa kitu mfukoni anatafuna, nikadhani tini. Baada ya muda akachomoa tena. Akasema leo kitu hiki kimelala, hakimfanyi lolote. Akaomba kiko. Tukaendelea kupiga, labda saa nzima, halafu fimbo zake zikaanza kwenda mrama. Nikamtazama. Uso ulikuwa mweupe kama chokaa, jasho linamtiririka kwenye baridi ile, mkono ameubana kifuani.

"Hmido," akasema, "kuna mtu anapiga beseni humu ndani yangu."

Akaangukia beseni, unga wote ukamwagika.

Mimunt alikuja mwenyewe kwa sababu alisikia mlio umekatika. Alimgeuza kaka chali, akaweka sikio kifuani, akaniamuru nimshikie saa ya mkononi mbele ya macho. Tasbihi ikakimbia. Ilimaliza mzunguko wake wote wa punje tisini na tisa, ikapita nusu ya mzunguko wa pili, ndipo dakika ikatimia.

"Mia na hamsini na kitu," akasema. "Leo alfajiri ulikuwa sabini na nane. Kamwite Sellam."

Hapo ndipo nilipojua kwamba alfajiri zote zile alikuwa akihesabu mapigo ya moyo wa kaka yangu. Nilijua, lakini shaka ni kama kupe, haitoki kwa kuvutwa mara moja. Nikasema moyoni: mwenye kutia sumu naye angehesabu.

Kabla sijatoka mbio nilikiokota kiko sakafuni nikakitumbukiza kwenye kofia ya jalabia yangu, mgongoni.

Sellam alitushusha mjini kwa mwendo ambao sikujua gari lile linao. Mimunt alikaa nyuma na kichwa cha kaka mapajani, Yamna mbele anasoma dua, mimi nimebanwa mlangoni. Hospitalini alikuwepo daktari mwanamke, kijana, mzaliwa wa mji wa Fasi. Alimfunga kaka nyaya kifuani, akamwekea hewa puani, akatoka kuzungumza na sisi kwenye ukumbi.

Aliuliza alichokula. Mimunt alimweleza kila kitu bila kuficha: majuni, kiasi cha zeituni, mara moja kwa siku, baada ya magharibi, na yale ya jana. Daktari akasema hesabu hiyo haiendi. Kipande cha zeituni kilicholiwa jana jioni hakiwezi kuupeleka moyo namna hii leo mchana. Akauliza kama anavuta.

"Havuti," Mimunt akasema. "Ameapa, na imeandikwa. Leo ni siku ya arobaini na mbili."

Yamna akasimama. Alisema kama havuti basi tuangalie huyu anayemlisha, na akaiweka leso yangu mezani, akasimulia habari za Bucheta, za kitambaa, za sharti la ndoa, yote kwa mfululizo, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Alisema mbegu hizi ni za gugu la wazimu. Daktari akafungua leso. Akachukua punje moja akaisugua, akainusa, akaitia mdomoni.

"Habbasoda," akasema. "Hata mama yangu anaitia kwenye mkate."

Mimunt hakumtazama Yamna. Alinitazama mimi, kwa sababu leso ile aliifua yeye.

"Nisikilizeni," daktari akasema. "Sitafuti wa kumfunga. Nataka kujua kimeingia nini mwilini mwake, kingapi, na saa ngapi. Nikimpa dawa isiyofaa, moyo huu unaweza kusimama. Nani alikuwa naye leo?"

Nilikuwa naye mimi. Wote walijua. Nikavitazama viatu vyangu, vimejaa unga wa bangi na theluji iliyoyeyuka. Nikisema, Mimunt ataonekana safi na mimi nitaonekana mwuaji wa ndugu yangu. Nisiposema, kaka anaweza kufa pale nyuma ya pazia. Ninaona aibu kuandika kwamba nilihitaji kulifikiria jambo hilo. Nilipeleka mkono mgongoni, nikakitoa kiko kwenye kofia, nikakilaza mezani kando ya zile habbasoda.

"Vibakuli sita," nikasema. "Pengine saba. Na alitafuna kitu mara mbili. Nilidhani tini."

Daktari hakunitukana. Aliuliza saa ya kila kimoja, akaandika, akarudi mbio nyuma ya pazia. Sisi tulibaki pale. Yamna alikaa, akajifunika uso kwa shuka lake la milia. Sellam alitoka nje akisema anakwenda kuangalia matairi.

Mimunt akaketi kwenye benchi, mbali nami kwa hatua mbili, na kwa mara ya kwanza tangu aingie kwetu akazungumza maneno mengi kwa mfululizo, akiutazama ukuta. Alisema alianza kukaa kwenye chumba cha kupigia akiwa na miaka tisa, kwa baba yake, na aliolewa akatoka kwenye chumba hicho akaingia kwenye chumba kingine. Bucheta alipiga mabeseni majira ya baridi ishirini na moja. Hakuvuta, alikuwa mcha Mungu. Lakini kifua chake kilianza kupiga filimbi, kila mwaka mapema zaidi, na kila mwaka ilichelewa zaidi kuondoka. Alilazwa miezi miwili, wakidhani ni kifua kikuu, hakikuwa kifua kikuu. Muuguzi mmoja wa kiume, mtu mzima, ndiye aliyemfundisha kuhesabu mapigo kwa dakika, na kwa kuwa Mimunt hakusoma na alikuwa akipotea kwenye namba, akamwambia atumie tasbihi. Muuguzi huyo ndiye aliyemwambia kuhusu vumbi, na kwamba avae kitambaa cha maji.

"Bucheta aliuliwa na vumbi, watu wakasema mimi," akasema. "Nikahama bonde. Kumbe maneno yana miguu."

Nilitaka kumwomba radhi. Alingoja kidogo, halafu akageuka upande mwingine.

Daktari alirudi jioni. Moyo ulikuwa umeshuka mpaka mia na kumi. Alituita sote watatu, hata Yamna, akasema anataka tuelewe, kwa sababu hataki kutuona tena. Akasema mtu akivuta, moyo unapanda mbio ndani ya dakika chache, na moshi unakaa kwenye damu mahali pa hewa safi, hapo moyo unafanya kazi zaidi kwa chakula kidogo. Tumbaku ikichanganywa ndani ni mzigo juu ya mzigo. Na mapafu yanapakwa masizi kama dari la jiko.

Kisha akamgeukia Mimunt. "Na wewe ulikosea, mama. Ulimtoa kwenye moshi, hilo ulifanya vizuri, kifua chake kinakushukuru. Lakini majuni nayo yanaufikia moyo, yanapita tumboni, yanachelewa saa moja au mbili. Mtu anakula, anaona kimya, anaongeza. Huyu wako alipovuta, moyo ulianza kukimbia, na ulipokuwa bado unakimbia, vile vipande viwili vikafika. Mishipa ya mtu wa umri wake haivumilii. Asivute, asile, na kile chumba asikanyage."

Mimunt akauliza kama kile cha zeituni, kimoja tu, kila siku, kilikuwa kikimdhuru. Daktari akasema hawezi kuapa, lakini moyo wa mtu aliyevuta miaka thelathini si wa kufanyiwa majaribio. Mimunt akaitikia kwa kichwa.

Halafu daktari akaniambia nivue jalabia. Aliweka kile chuma chake cha kusikilizia mgongoni kwangu, akaniambia nivute pumzi, nitoe, tena, tena.

"Wewe unavuta tangu lini?"

Nikasema sivuti.

"Basi dirisha la hicho chumba chenu lifunguliwe," akasema.

Kaka alirudi nyumbani baada ya siku tisa. Mimunt alimwaga majuni yote kwenye shimo la mavi ya nyumbu, akaifukia na sufuria yenyewe. Akaja kwenye chumba cha kupigia, akafungua dirisha, akatugawia vitambaa vya maji, mimi na vibarua wawili tuliowachukua badala ya kaka. Maneno yakaenea. Wengine walisema dirisha lile ni ishara kwa maaskari. Sellam akipita alikuwa akituuliza kama tunakwenda kuiba benki au tunarudi. Unga kidogo ulipeperuka, kweli, na kibarua mmoja aliacha kazi kwa sababu hiyo. Mimi nilikifunga kitambaa changu kila siku, na ile filimbi aliyoisikia daktari kifuani mwangu ikapungua. Hilo nililitaka nimwambie, lakini yeye hakuwa akizungumza nami zaidi ya lazima. Chakula changu alikuwa akikiweka mlangoni. Alfajiri tasbihi iliendelea. Wakati wa masika kaka alikuwa kwenye sabini na mbili, akanenepa kidogo, akaanza kuwa na mzaha tena.

Mwishoni mwa mwezi wa nane, siku ya pili ya mavuno, kaka hakurudi kutoka kisimani. Tulimkuta ameegemea jiwe, nyumbu anakula majani pembeni, uso umetulia. Karibu na mkono wake kulikuwa na kiko kipya chenye kibakuli cha udongo ambacho hakijapata hata weusi, bado kina moto ndani. Mimunt alipiga magoti, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu, tasbihi mkononi haisogei. Alipoinua kichwa hakulia. Alikiokota kile kiko, akanitazama.

Nikasema: "Wallahi si mimi, shemeji."

Na haikuwa mimi. Nilitetemeka nilivyokuwa nikisema, kwa sababu mimi hutetemeka nikisema lolote mbele za watu, na niliona jinsi anavyouona ule mtetemeko. Baada ya mazishi Sellam alinijia kwa siri akaniambia kwamba Allal alikinunua mwenyewe, soko la Alhamisi, mwezi mmoja kabla, akamwapisha asiseme, na alikuwa akikificha kwenye matandiko ya nyumbu. Nikamsihi Sellam akamwambie Mimunt. Alikwenda, akamwambia mbele yangu. Mimunt alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, akasema watu wa kijiji kimoja hawakosi muda wa kupanga maneno.

Alikaa eda ndani ya nyumba ile, miezi minne na siku kumi. Yamna alikuja mara mbili na mafuta ya zeituni na mkate wa shayiri, akaomba msamaha kwa sauti ya juu hata majirani wakasikia. Mimunt alimsamehe, wakalia pamoja. Kuhusu shamba hakudai kitu zaidi ya haki yake ya mirathi, na hiyo alimwachia Yamna ailime. Mimi nilipanga mara nyingi nitakavyosema. Nilipanga nikiwa zizini, nikiwa kwenye mabeseni, hata niliandika kwenye karatasi. Nilipofika mlangoni kwake niliuliza tu kama kuni zinatosha. Alikuwa akijibu kwamba zinatosha, na asubuhi nilikuwa nikimwona ameziacha kuni zangu zilipo, anakata zake.

Eda ilipokwisha ilikuwa Januari, mabeseni yanalia mlima mzima. Alifunga mzigo wake, mmoja tu, arudi kwa kaka yake bonde la pili. Nilimbebea mpaka barabarani, hatua tano mbele yangu akitembea na kitambaa chake puani. Gari la Sellam lilikuwa halijawaka kwa baridi, kwa hiyo tukangoja ndani ya kibanda chake cha kando ya barabara, penye jiko la kuni. Sellam alikuwa nje chini ya boneti akilitukana gari. Birika lilikuwa jikoni. Nikaona hapa angalau kuna jambo ninaloweza kulifanya bila maneno. Nikatia mnanaa na sukari, nikamimina kutoka juu kama inavyotakiwa, glasi ikapiga povu. Nikaisogeza mbele yake kwa mikono miwili.

Alikishusha kitambaa, akaitazama glasi, akanitazama usoni, wala hakuwa na hasira. Kisha akaisukuma polepole ikarudi upande wangu.

"Kunywa wewe kwanza, shemeji," akasema.